Kupikia eafraya kwa anayeanza: mwongozo kamili kwa gramu, sentimita na nyuzi joto

Eafraya (air fryer) ni oveni ndogo yenye feni kali. Koili ya moto iko juu, feni iko juu ya koili, na hewa ya moto husukumwa chini kwa kasi, hupita pembeni na chini ya chakula kupitia matundu ya kikapu, kisha hurudi juu kupashwa tena. Hakuna kinachoelea kwenye mafuta, kwa hiyo usiitarajie ifanye kazi ya karai. Maandazi yatatoka kama vimkate, na bajia za rojo la dengu zitachuruzika kwenye matundu kabla hazijashikana. Lakini kuku, samaki, kitimoto, viazi, ndizi na sambusa huiva vizuri sana kwa kijiko kimoja cha mafuta, vingine bila mafuta kabisa.

Wanaoanza huviamini mno vile vitufe vyenye picha. Kitufe cha kuku hakijui kama umeweka mabawa mawili au paja la gramu 300, wala hakijui kama nyama imetoka buchani sasa hivi au kwenye friza. Mambo yanayoamua ni matatu: uzito wa chakula, unene wa kipande na ukavu wa uso wake. Weka nyuzi na dakika kwa mkono, na picha ziache zilivyo.

Vipimo

Sokoni Kilombero mjini Arusha au Mbuyuni pale Moshi, viazi huuzwa kwa sado, ndoo au fungu. Hivyo ni vipimo vya ujazo na vya macho, na sado moja hailingani na nyingine kwa gramu. Nunua mzani wa jikoni wa kielektroniki unaofika kilo 5 na kusoma gramu moja moja. Ukitaka kuuhakiki, weka bakuli tupu juu yake, urudishe kwenye sifuri, kisha mimina chupa nzima ya maji ya kunywa ya mililita 500. Unapaswa kusoma karibu gramu 500.

Kijiko cha chai kwenye mwongozo huu ni mililita 5 na kijiko cha chakula ni mililita 15. Vijiko vya kulia vya nyumbani hutofautiana, kwa hiyo tumia seti ya vijiko vya kupimia. Kijiko cha chai cha chumvi laini kilichosawazishwa kina gramu 6 hivi. Kwa nyama, hesabu gramu 12 za chumvi kwa kila kilo moja, utapata ladha ileile kila siku.

Ongeza rula, na zaidi ya yote kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama. Ukiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu, nunua hicho, maana rangi ya nje kwenye eafraya inadanganya. Feni huikausha na kuipa nyama rangi ya dhahabu huku katikati bado mbichi.

Mapishi mengi ya mtandaoni ni ya Kimarekani na hutumia Farenhaiti. Toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Yanayojirudia ni haya: 350 ni nyuzi 177 za Selsiasi, 375 ni 191, 400 ni 204. Ratili moja ni gramu 454, inchi moja ni sentimita 2.54. Kama skrini ya mashine yako inaonyesha 400 na huku uliweka "joto la juu kabisa", basi inasoma Farenhaiti. Kijitabu chake kitaeleza jinsi ya kuibadilisha.

Umeme na mahali pa kuiweka

Mashine za nyumbani za lita 4 hadi 5 huwa na wati 1,400 hadi 1,700. Ya wati 1,500 ikiwaka mfululizo kwa dakika 20 hula nusu uniti ya LUKU, na kiuhalisia hula pungufu kwa sababu koili hujizima na kujiwasha joto likishafika. Kwa maharage au makande bado gesi au mkaa ndiyo njia, eafraya haichemshi.

Wati 1,500 kwenye volti 230 ni ampea 6.5. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Waya mwembamba wa ekstensheni hupata moto na kuyeyuka, hasa ukiwa umekunjwa, na gadi (kifaa cha kulinda vyombo vya umeme) ya ampea 5 haitoshi. Plagi ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika baada ya dakika 15, soketi hiyo imelegea ndani. Itafutie fundi kabla ya kupika tena. Na kama ndugu amekuletea mashine kutoka Marekani, geuza usome kibandiko chake: ikiandikwa 120 V peke yake, ukiichomeka hapa itaungua.

Kuna jambo la umeme linalowachanganya wengi. Mtaani jioni, watu wote wakiwasha majiko na hita, volti hushuka, na nguvu ya koili hushuka kwa haraka kuliko volti yenyewe. Kwenye volti 190, mashine ya wati 1,500 hubaki na wati 1,020 hivi, yaani theluthi moja ya moto imepotea. Ndiyo maana kuku aliyeiva kwa dakika 25 mchana anataka 33 saa mbili usiku. Ukiona balbu zimefifia, pasha mashine kwa muda mrefu zaidi na upunguze kiasi cha chakula.

Umeme ukikatika katikati ya mapishi, acha droo imefungwa. Joto hukaa kwa dakika chache. Umeme usiporudi ndani ya dakika 10 na ndani kuna kuku au nyama, hamishia kwenye sufuria na kumalizia kwa gesi. Nyama iliyoiva nusu haiachwi ikisubiri. Mashine yenyewe ichomoe, maana umeme ukirudi kwa kishindo ndipo bodi za vidude vya dijitali huungua.

Iweke juu ya sehemu ngumu isiyoyeyuka. Nyuma yake, panapotokea hewa ya moto, acha sentimita 15 kutoka ukutani na mbali na pazia. Kitambaa cha meza cha plastiki kitolewe. Usiiweke juu ya jiko la gesi hata kama limezimwa.

Siku ya kwanza osha kikapu na droo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, kisha iwashe tupu kwa nyuzi 200 kwa dakika 10 madirisha yakiwa wazi. Harufu ya plastiki itakayotoka ni mabaki ya kiwandani. Ikiendelea kutoka mara ya tatu au ya nne, angalia kama kuna kibandiko au kipande cha plastiki kimesahaulika chini ya kikapu.

Kujaza kikapu

"Lita 4" iliyoandikwa kwenye boksi ni ujazo mpaka ukingoni. Usiutumie wote. Kwa ukubwa huo, gramu 400 hadi 500 za viazi au vipande vya nyama ndizo zinazoiva vizuri kwa mkupuo mmoja. Hewa isipopita katikati ya vipande, maji yanayotoka kwenye chakula hayapati pa kwenda. Chakula kinajipika kwa mvuke wake na kutoka laini, cheupe, kimelowa. Familia ya watu sita ipikie mikupuo mitatu. Mkupuo wa pili na wa tatu punguza dakika 2, kwa kuwa mashine tayari ina moto. Mwisho rudisha vyote pamoja kwa nyuzi 180 kwa dakika 3 ili vipate joto sawa.

Vitu vyepesi hupeperuka. Dagaa wakavu, majani ya mboga au karatasi ya kuokea isiyokandamizwa na chakula vitanyanyuliwa na feni na kunasa kwenye koili, na hapo moto unaweza kuwaka. Karatasi isiwekwe kamwe wakati wa kupasha mashine tupu, na isizibe matundu yote.

Chipsi

Tunaanza na hizi kwa sababu ndizo zinazotoka vibaya zaidi kwa mtu mgeni. Chagua viazi vilivyokomaa, vyenye ganda lisilobanduka ukilisugua kwa kidole. Viazi vichanga vina maji mengi na wanga kidogo, havitoi gamba. Na usivihifadhi kwenye friji: baridi hugeuza wanga kuwa sukari, chipsi zikapata weusi na uchungu kidogo kabla hazijaiva ndani.

Kwa watu wawili: viazi gramu 500 vilivyomenywa, mafuta ya alizeti mililita 15, chumvi gramu 4.

1. Kata vipande vya unene wa sentimita 1. Tumia rula kwa viazi viwili vya mwanzo, mkono utazoea. Vya sentimita 1 na vya nusu sentimita vikichanganyika, vyembamba vitaungua vinene vikiwa vigumu.

2. Loweka kwenye maji baridi dakika 30. Maji yatakuwa meupe. Huo ni wanga wa juu unaofanya vipande vigandane. Mwaga, suuza mara moja.

3. Kausha kwa kitambaa safi mpaka visiache alama ya maji kwenye kiganja. Hatua hii hurukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayoamua. Koili haiwezi kukausha na kukaanga kwa wakati mmoja.

4. Weka kwenye bakuli, mimina mafuta, geuzageuza mpaka kila kipande king'ae. Usimimine mafuta ndani ya kikapu. Yatashuka chini kwenye droo na kuanza kutoa moshi. Chumvi bado.

5. Pasha mashine dakika 3 kwa nyuzi 180. Weka viazi, shusha mpaka nyuzi 160, pika dakika 10. Tikisa dakika ya 5. Hapa vinaiva ndani, bado vyeupe.

6. Pandisha nyuzi 200, pika dakika 8 hadi 10, ukitikisa kila baada ya dakika 3. Vikishapata rangi, vitoe, nyunyiza chumvi papo hapo vikiwa na moto.

Chumvi ikitangulia huvuta maji kutoka kwenye kiazi na kuharibu kazi yote ya kitambaa. Chipsi zikitoka ngumu kama vijiti, joto la mwanzo lilikuwa juu mno au vipande vilikuwa vyembamba. Zikitoka laini, umejaza kupita kiasi au hukukausha. Chipsi mayai pia inawezekana, lakini yai limaliziwe kwenye kikaango cha kawaida. Ndani ya kikapu litavuja.

Kuku

Kuku wa kisasa na wa kienyeji ni mapishi mawili tofauti.

Wa kisasa: mapaja gramu 800, vipande sita vya wastani wa gramu 130. Kwenye kikapu cha lita 4 utavipika kwa mikupuo miwili. Kwenye cha lita 6 vitaenea kwa safu moja. Changanya chumvi gramu 10, kitunguu saumu kilichotwangwa gramu 10, tangawizi gramu 10, pilipili manga gramu 2, juisi ya ndimu mililita 15 na mafuta mililita 15. Paka, funika, weka kwenye friji saa moja au usiku kucha. Toa dakika 20 kabla ya kupika. Asubuhi za Juni na Julai mjini Arusha, ambapo jikoni nako ni kama friji, ongeza dakika 10.

Futa vipande vya kitunguu saumu vilivyobaki juu ya ngozi, maana vitaungua na kutia uchungu. Pasha mashine dakika 3. Weka vipande ngozi ikiwa chini, nyuzi 180, dakika 12. Geuza, dakika 10. Kisha nyuzi 200 kwa dakika 4 au 5 ngozi ikiwa juu. Choma kipimajoto sehemu nene kabisa bila kugusa mfupa: kinapaswa kusoma 74 au zaidi. Acha akae dakika 5 ndipo ukate.

Wekundu karibu na mfupa si lazima uwe ubichi. Kuku wa kisasa huchinjwa mdogo, mifupa yake haijakomaa, na rangi ya uboho hupenya kwenye nyama. Kipimajoto kikisema 74, ameiva. Sosi ya nyanya, asali au chochote chenye sukari kipakwe dakika 3 za mwisho tu.

Wa kienyeji ukimweka mbichi atatoka kama kamba, hata ukimwachia dakika 50. Nyama yake inahitaji maji na muda. Mchemshe kwanza kwa chumvi na tangawizi. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, Moshi iliyo chini zaidi ni karibu 97. Kwa hiyo muda wa kuchemsha ulioandikwa na mtu wa Dar es Salaam hautatosha. Jipe saa moja, au dakika 25 kwenye presha kuka, mpaka uma uingie bila kulazimisha. Mchuje, mkaushe, mpake mafuta mililita 15, kisha nyuzi 200 kwa dakika 10 hadi 12 ukigeuza mara moja. Supu iliyobaki ni zawadi, usiimwage.

Kitimoto na mishkaki

Kwa wanaokula: nyama gramu 500 yenye mafuta kidogo, vipande vya sentimita 3, chumvi gramu 6, ndimu mililita 15, tangawizi. Usiongeze mafuta, inayo yake. Mafuta hayo yakidondoka kwenye droo yenye moto hutoa moshi mzito, kwa hiyo kabla ya kuanza mimina maji mililita 50 kwenye droo chini ya kikapu. Nyuzi 180 dakika 15, geuza, nyuzi 200 dakika 5 hadi 7. Ndani ifike nyuzi 71 au zaidi, na usilegeze hapo: nyama ya nguruwe isiyoiva inaweza kuwa na viluwiluwi vya tegu. Ukiona vijipunje vyeupe kama mchele ndani ya nyama mbichi, irudishe, usijaribu kuiokoa kwa moto.

Mishkaki ya ng'ombe ikatwe sentimita 2.5, kutoka kwenye steki na si nyama ya supu. Vijiti vya mbao vikatwe viingie kwenye kikapu na vilowekwe dakika 30. Nyuzi 200, dakika 10 hadi 12, geuza katikati. Harufu ya mkaa hutaipata. Anayeitaka awashe jiko la mkaa.

Samaki

Sato, au perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, wa gramu 400 huwa mrefu kuliko kikapu cha lita 4, ambacho mara nyingi hakizidi sentimita 20 hivi kila upande. Mkate mara mbili kwa mshazari. Mchanje kila sentimita 3, mkaushe nje na ndani ya tumbo, chumvi gramu 5, ndimu, kisha mpake mafuta pande zote.

Kinachokera ni kunata. Pasha kikapu kikiwa ndani dakika 3, kipake mafuta kwa brashi, ndipo umweke samaki. Nyuzi 190, dakika 8, mgeuze kwa mwiko mpana, dakika 6 au 7 tena. Akikataa kubanduka usimvute. Mpe dakika mbili, ngozi ikikauka itaachia yenyewe. Nyama karibu na mgongo isome 63 na ibanduke kutoka kwenye mfupa.

Ndizi na vingine vya haraka

Mzuzu iliyoiva, ganda likiwa na madoa meusi: kata mshazari sentimita 2, paka mafuta kijiko cha chai kimoja kwa gramu 400, nyuzi 180, dakika 10 hadi 12. Ngumu bado, ongeza dakika 5. Ndizi mbichi za kuchoma, zile zinazoandamana na nyama, menya na uzitie kwenye maji yenye chumvi zisigeuke nyeusi, kausha, paka mafuta, nyuzi 180 kwa dakika 18 hadi 20 ukigeuza mara mbili. Usipozipaka mafuta zitapasuka na kuwa kavu kama ubao.

Sambusa za gramu 40: paka mafuta kwa brashi pande zote, nyuzi 180, dakika 8 hadi 10, zikitoka kwenye friza, 12. Sehemu usiyoipaka mafuta itabaki nyeupe na yenye ungaunga.

Karanga mbichi gramu 300: nyuzi 150, dakika 12, tikisa kila dakika 4. Zitoe zikiwa bado na ulaini kidogo, kwani hukauka zikipoa.

Chapati ya jana: inyunyizie maji kidogo, nyuzi 160, dakika 2. Dakika 4 ni kaukau.

Mapishi ya oveni yabadilishe hivi: punguza nyuzi 20 na theluthi hadi robo ya muda, halafu fungua uangalie. Kufungua droo hakuharibu kitu. Mashine nyingi hujisimamisha na kuendelea ulipoachia.

Kusafisha

Chomoa, acha ipoe dakika 30. Maji ya moto na sabuni yaingie kwenye droo na kukaa dakika 15, kisha sponji laini. Stili waya na mchanga hukwangua ule utando mweusi, na ukishakwanguka kila kitu kitaanza kunata. Mwiko uwe wa mbao au silikoni.

Moshi unaotoka hata ukipika viazi vitupu maana yake mafuta ya zamani yamegandia juu, karibu na koili. Mara moja kwa mwezi, au kila baada ya kitimoto mara tatu nne, toa droo, ilaze mashine chali ikiwa baridi na imechomolewa, futa koili kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Maji yasimwagwe ndani. Iache wazi saa mbili ikauke kabla ya kuichomeka tena.